Duka la Pola Linaonekana Arabuni

Pola Menza hakuzaliwa Vitengeni. Alizaliwa Adu, upande wa Magarini, akaletwa Vitengeni na ndoa, na miaka ya mwanzo watu walimjua tu kama mke wa Ziro fundi mawe. Jina lake mwenyewe alilipata kwa biashara. Alianza na kibanda cha makuti karibu na kinu cha kusaga mahindi, akiuza chumvi, maharagwe, sabuni ya vipande na mafuta ya kupima kwa upawa. Wengine nao waliuza vitu hivyohivyo palepale, lakini Pola hakumpunja mtu. Kibaba chake kilijaa mpaka kikafanya kichuguu, na akishakimimina mfukoni aliongeza konzi moja juu yake. Kwa ajili ya konzi ile, wanawake waliotoka kusaga walivipita vibanda vingine wakaenda kwake.

Kazi za ujenzi zilipoadimika, Ziro alikwenda Arabuni, akaajiriwa kazi ya ulinzi. Alichotuma yeye pamoja na alichokiweka Pola kikajenga duka la mawe lenye rafu mpaka karibu na dari na madirisha ya vyuma. Mchoraji alipouliza aandike nini juu ya mlango, Ziro alijibu kwa simu kwamba liandikwe Duka la Mama Nyale, kwa jina la binti yao, ambaye wakati huo alikuwa shule ya bweni. Pola akamwajiri Pamela, jirani yake, mama mwenye watoto wake, awe anamsaidia. Duka la vibaba likawa la magunia, ingawa vibaba navyo havikukoma.

Wazo la mashine ya mauzo lilitoka Arabuni. Ziro alikuwa akilala chumba kimoja na mtu wa bara aitwaye Njenga, ambaye mkewe naye alikuwa na duka huko kwao. Njenga alimwonyesha simu yake: kila mkewe alipouza kitu, simu ililia, na jina la kitu kile likatokea. Tangu siku hiyo Ziro hakutulia. Alimpigia Pola akamweleza, akamalizia kwa maneno yaliyomfurahisha mkewe kuliko yote aliyoyasema: "Nenda ukachague wewe mwenyewe, Mama Nyale. Duka unalijua wewe, mimi nalisikia tu."

Pola alikuwa na sababu zake za kuitaka mashine. Siku za soko watu walijazana mpaka Pamela akachanganya bei za mchele. Maziwa ya paketi yaliharibika nyuma ya rafu kwa kuwa hakuna aliyekumbuka yaliletwa lini. Sukari iliweza kuisha naye yuko hapohapo mbele ya gunia, asitambue mpaka mkono uguse chini. Kwa hiyo alimwachia Pamela duka, akajifunga leso mpya, akaenda mjini kama mtu anayekwenda kuposa.

Alianzia Kilifi. Kule alimkuta kijana aliyevaa shati lenye jina la kampuni kifuani, ambaye alimwonyesha skrini zenye rangi nyingi na kumweleza bila kupumua. Kwa muda wote ule hakumuuliza anauza nini. Pola alimshukuru, akapanda gari la Malindi.

Malindi alielekezwa kwa Musyoka, Mkamba aliyekaa pwani siku nyingi mpaka Kiswahili chake kikalainika. Huyu alimkaribisha kiti na kuanza na maswali. Alitaka kujua kama anauza vitu vya kupima, stima hupotea mara ngapi, netiwaki ya Vitengeni ikoje siku ya mvua, na kama mizani yake ni ya mawe au ya betri. Pola alijibu yote, na kila jibu lilimfanya ajione mfanyabiashara kweli. Musyoka akamwonyesha mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa kompyuta nzito kidogo iliyounganishwa na mizani. Haikuhitaji mtandao. Ilielewa kibaba, ilielewa upawa, na hesabu zake zote zilikaa ndani yake mlemle dukani. Ya pili ilikuwa tabuleti nyembamba ya kupendeza. Hii kila kitu ilikituma hewani, na mwenye nayo angeweza kukitazama akiwa popote duniani.

Musyoka hakusema ipi ni bora. Alisema maneno ya muuzaji hayatoshi, akampeleka kwa mama mmoja jirani na soko, Jedida, mwenye duka la vyakula, ambaye alikuwa akiitumia ile ya kwanza. Jedida alimpisha Pola nyuma ya kaunta aijaribu mwenyewe. Pola akaweka maharagwe juu ya mizani, akabonyeza palipoandikwa maharagwe, na karatasi ya risiti ikatoka ikijikunja kama ulimi wa kinyonga. Alicheka kwa sauti. Mteja aliyekuwa akingoja naye akacheka.

Jedida alimweleza kwamba miezi ya kwanza waligombana, yeye na mashine, halafu wakazoeana. "Haina maneno mengi, dada," alisema. "Inakaa hapa na mimi. Nikifunga duka, na yenyewe imefunga."

Pola aliamua palepale. Alitoka nje, akaketi kwenye kibao kando ya magunia ya vitunguu, akampigia Ziro. Alimsimulia yote, ya kijana wa Kilifi, ya mizani, ya risiti, hata kicheko chake. Ziro alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Ziro aliuliza, "Na mimi huku nitaionaje?"

Pola alisema angemsomea hesabu kila jioni, moja baada ya moja.

Ziro akasema, "Kusomewa si kuona, Mama Nyale. Chagua yoyote uipendayo, lakini iwe inayoonekana huku."

Simu ilipokatika Pola alibaki pale akiitazama barabara. Hakuna aliyemgombeza, hakuna aliyemnyima ruhusa. Ameambiwa achague, na amechagua, na kumbe uchaguzi wenyewe ulikuwa umeshafanywa kabla hajajifunga leso. Alirudi kwa Musyoka akamwambia anachukua tabuleti. Musyoka alimtazama, akasema ni sawa, lakini akamwonya kwamba netiwaki ingemsumbua na vitu vya kupima vingemchosha, asije akasema kesho kwamba alifichwa. Mkataba wenyewe ulikuwa wa miaka, si wa miezi. Pola alisema ameelewa. Njiani kurudi alijaribu kujishawishi kwamba ni yaleyale tu, mashine ni mashine, na mume wake ana haki ya kuliona jasho lake.

Musyoka alikuja Vitengeni mwenyewe kuifunga. Majirani walikusanyika mlangoni, wengine wakidai wamekuja kununua kibiriti. Alipofika mahali pa kuandika majina, aliuliza mwenye duka ni nani.

"Ni mimi na mume wangu," Pola alijibu.

Musyoka alieleza, akionekana kuona aibu kidogo, kwamba nafasi ya mwenye duka ni moja tu. Huyo mmoja ndiye hupanga bei, ndiye huruhusu kufuta mauzo, ndiye huona kila kitu. Wengine wote huandikwa wahudumu, na kwa malipo waliyochagua, mhudumu naye ni mmoja. Pola alimpigia Ziro. Ziro alicheka, akasema basi aandikwe yeye, kwa kuwa simu itakayopokea habari ni yake, na maneno ya kwenye mashine hayabadilishi kitu nyumbani. Basi Ziro Baya akaandikwa mwenye duka. Pola akapewa nambari ya siri, na kila alipoibonyeza asubuhi, kioo kilimwamkia: Karibu, mhudumu Pola. Nje, juu ya mlango, rangi ya jina lake ilikuwa bado haijachujuka.

Wiki za mwanzo zilikuwa za kupendeza. Mambo yale aliyoyataka aliyapata: maziwa hayakuharibika tena, na Pamela hakuchanganya bei. Jioni Ziro alipiga simu akiwa na furaha ya mtoto. "Leo mafuta yametoka," angesema, au, "Nimeona mtu amenunua viberiti pakiti nzima, ni nani huyo, ana sherehe?" Pola alimwambia ni nani, wakacheka.

Kisha maswali yakaanza kubadilika. Gunia la mchele lilipaswa kutoa vibaba kadhaa, mbona vimepungua? Pola akaeleza habari ya konzi. Ziro aliijua konzi tangu kibandani, lakini sasa aliiona kwa namna nyingine, ikiwa imejumlishwa kwa mwezi mzima, na jumla yake ilimshtua. Hakumkataza. Alisema tu kwamba pengine sasa duka limekua, watu watakuja hata bila hiyo. Pola akaanza kuipunguza konzi, halafu akaifanya ya vidole, halafu akaiacha. Wanawake waliotoka kinuni walikuwa wakisimama kidogo mfuko ukiwa wazi, kisha wakaufunga wenyewe na kuaga.

Siku moja Mzee Kavumbi wa ng'ambo ya barabara alirudisha pakiti ya unga iliyokuwa na wadudu. Jambo kama hilo zamani lilikuwa la kunyoosha mkono tu, kupokea hii na kutoa ile. Sasa mashine ilidai ruhusa ya mwenye duka, na mwenye duka alikuwa zamu, hapatikani. Pola alimwomba mzee aketi. Mzee aliketi, akangoja, akawaona watu wakiingia na kutoka.

"Mama Nyale," alisema hatimaye kwa upole, "kwani duka hili umeliuza?"

Pola aliinuka. Alikwenda nyumbani, nyuma ya duka, akachota unga wa jikoni kwake, akampa. Akasema na moyo wake kwamba amekuwa mwizi wa kujiibia.

Lakini kilichombana zaidi ni ukimya. Nambari ya siri aliijua Pola peke yake, akitoka mashine haiuzi; na mauzo yakisimama kwa muda, simu ilipigwa. Ziro hakuwa mkali. Aliuliza tu, "Mbona duka limenyamaza, kuna nini?" Aliuliza siku Pola alipokwenda kwenye maziko ya jirani akalifunga duka mchana. Aliuliza siku Pola alipokuwa kanisani na akina mama kupanga harusi. Mara nyingine hakuna alikokwenda, ni saa tu ya jua kali ambayo hata kuku hawatembei, lakini simu ililia vilevile, na Pola akajikuta akieleza kwa nini watu wa Vitengeni hawakutaka kununua kitu saa nane. Kidogo kidogo akaacha kutoka. Maziko alituma pole kwa mtu. Vikao vya harusi alituma mchango. Mwili wake ukazoea umbali wa kutoka kaunta mpaka stoo, kama mbuzi anavyoujua urefu wa kamba yake.

Huko Adu, mama yake, Nyevu, alikuwa akidhoofika. Dada yake Pola, Everlyne, aliyekaa naye, alipiga mara kwa mara kusema mama anamuulizia. Mara ya kwanza Pola alipotaka kwenda, Ziro alimwomba asubiri siku ya soko ipite. Ilipita, ukaja mzigo wa sukari. Mzigo ulipopokewa, shule zikafunguliwa, na watu wote wa Vitengeni wakahitaji sabuni na madaftari kwa pamoja. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomfanya ashindwe hata kukasirika.

Kisha Everlyne alipiga, na mara hii hakusema mama anamuulizia. Alisema mama hali chakula tena.

Pola alimfundisha Pamela nambari yake ya siri. Alimwambia afungue kama kawaida, auze kama kawaida. Kuhusu Ziro, alikusudia kumwambia akishafika. Alijua akimwambia kabla ya kuondoka kutatokea sababu nyingine, nayo itakuwa ya kweli, na ataisikiliza.

Alimkuta mama yake amelala ndani, mdogo kuliko alivyomwacha. Alimwamkia, "Shikamoo, mama," na mama akamshika mkono badala ya kuitikia, akaung'ang'ania. Pola alikaa pale kitandani, hajavua hata viatu, na simu ikalia.

Alikuwa Ziro, na sauti yake ilikuwa changamfu. "Leo umeamka vizuri. Mchele unatoka tu, na bado ni asubuhi. Mbona huko kuko kimya hivyo, uko wapi?"

Pola alimtazama mama yake, akautazama ule mkono ulioushika wake. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga garini yakamtoroka.

"Niko stoo," alisema.

"Haya, nisikucheleweshe," Ziro akasema, akakata.

Mama yake alifumbua macho. Aliuliza kama ni mkwewe. Pola alipokubali, mama akasema kwa sauti ya chini, "Mbona hukunipa simu anisalimie?"

Pola alisema simu imekatika. Kesho yake mama aliuliza tena kama Ziro amepiga, na Pola akasema kazi zimembana. Ziro alikuwa amepiga. Alipiga mara mbili, akiwa na furaha ya mauzo, na mara zote mbili Pola alitoka uani akamjibu kwa sauti ya mtu aliyesimama nyuma ya kaunta. Aligundua jambo lililomtia baridi: maadamu mashine inasema, mumewe hana wasiwasi naye. Alikuwa ametoka kwenye kamba ile, na wakati huohuo ilikuwa imemzunguka shingoni, kwa sababu sasa hakuweza kumwambia bila kumwambia pia kwamba amekuwa akimdanganya. Na huko Vitengeni Pamela alikuwa amefungwa naye kamba hiyohiyo, haruhusiwi kuugua wala kuchelewa.

Nyevu alifariki siku ya tatu kabla ya adhuhuri, Everlyne akiwa amemwinua kichwa ili anywe uji. Alishusha pumzi, na nyingine haikuja. Pola alilia mpaka majirani wakaja. Aliposhikwa na kuketishwa mkekani, alichukua simu akampigia mumewe, na Ziro alipopokea akakutana na kilio.

"Mama Nyale, unalia nini?" aliuliza kwa hofu. "Si nakuona hapa unauza sabuni sasa hivi?"

"Mama amefariki," Pola alisema. "Niko Adu. Niko Adu tangu juzi. Anayeuza ni Pamela."

Kisha simu ikakatika.

Huko Vitengeni, Pamela alikuwa akimkatia mteja mche wa sabuni pale kioo kilipogeuka cheupe na kuandika kwamba duka limefungwa, wasiliana na mwenye duka. Alijaribu nambari ya siri, ikakataa. Alidhani ameharibu kitu. Alipopata habari ya msiba alifunga milango kwa kufuli, na kwa siku zile mtaa ukaongea. Wengine walisema Ziro amelifunga kwa hasira, kwamba ndoa imekwisha. Maneno hayo yalifika Adu kabla maiti haijazikwa.

Ziro hakuja kuzika. Mkwe kukosa maziko ya mama mkwe si jambo dogo kwa watu wa huku, na ilibidi ndugu yake asimame mahali pake, alete nguo za kuzikia na kusema maneno yaliyopaswa kusemwa naye. Ziro aliomba ruhusa kazini akaambiwa mama wa mke si mama. Hata angeitoroka kazi asingefika mbali, kwa maana pasipoti yake ilikuwa imewekwa na mwajiri. Haya yote Pola aliyasikia kwa shemeji yake. Kwa siku zote za matanga Ziro mwenyewe alituma salamu za pole kwa familia, kwa maneno ya heshima, lakini kwa mkewe hakupiga.

Pola alirudi Vitengeni akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Alifungua mlango mdogo wa nyuma, akaketi ndani ya duka lililofungwa, kati ya magunia, mwanga ukiingia kwa nyufa. Alikuwa hajui kama ni mke au mhudumu. Pale ndipo Ziro alipompigia.

Hawakusalimiana. Pola ndiye aliyeanza. "Nilikudanganya," alisema. "Lakini ningekuambia, ungeniacha niende?"

Ziro alifikiri. Ni sifa yake kwamba alifikiri kwa kweli. "Ningekwambia usubiri soko lipite," alisema.

"Basi."

Ndipo Ziro alipomweleza mambo ambayo miaka yote hakuwahi kumweleza. Alisema kituo chake cha kazi ni kibanda cha vioo kando ya geti. Magari hupita, vioo vikiwa vyeusi, hakuna anayemwamkia. Hawezi kutoka mpaka mwenzake aje. Simu ile ilipoanza kulia kwa mauzo ya duka, alikuwa akiiweka mbele yake juu ya meza ndogo, na kila ilipolia alijiona amesimama pale pale mlangoni kwake akimtazama mkewe anapima mchele. Iliponyamaza, alihisi kama taa imezimwa. "Ikilia najua uko," alisema. "Siku ile uliponiambia uko Adu, ikalia tena. Sabuni. Na jina lako chini yake. Nikaifunga, si kwa hasira. Sikuweza kuendelea kuliona jina lako likiuza wakati wewe umefiwa."

Pola alikuwa akilia bila sauti. "Wala siku zile nyingine hukuwa ukiniona mimi, Baba Nyale," alisema. "Ulikuwa ukiiona sabuni. Mimi maziko ya jirani siendi. Kwa mama nimekwenda kwa kuiba. Nimefungwa humu."

"Hata mimi nimefungwa," Ziro akasema.

Kesho yake Ziro aliifungua mashine. Pola aliomba aandikwe yeye mwenye duka, na Ziro alikubali bila ubishi, lakini Musyoka alipoitwa alisema haiwezekani. Kampuni iliyotengeneza mtambo ule inataka mwenye duka wa zamani aje ofisini kwa miguu yake, na kitambulisho chake mkononi, ndipo jina libadilishwe. Kuirudisha pia haiwezekani kabla ya mkataba kwisha. Walichoweza ni vitu vidogo. Ziro alimpa Pola ruhusa ya kufuta mauzo na kupanga bei. Pamela alilipiwa nambari yake, akawa anauza kwa jina lake. Na Ziro akazima ule mlio kwenye simu yake.

Mtu angedhani hapo Pola alipumua. Lakini wiki ya kwanza Ziro hakupiga, na ya pili alipiga mara moja, na walipokwisha kuulizana habari za afya wakakosa la kusema. Kwa muda mrefu walikuwa wamezungumza sukari na mchele, na sasa sukari na mchele vilipoondolewa, palibaki uwanja mtupu kati yao. Pola alisikia feni ya kibanda cha vioo ikizunguka huko mbali. Alikuwa karibu kuaga.

"Nisimulie maziko," Ziro akasema.

Pola akamwita Pamela ashike kaunta. Alitoka nje upande wa kivuli, akaketi juu ya kreti la soda, akaanza. Alimweleza nani aliosha maiti, nani alichelewa, ndugu wa Ziro alisema nini mahali pake na jinsi wazee walivyoyapokea maneno yale. Alimweleza kwamba mama aliuliza habari zake mara mbili. Hapo Ziro alimwomba arudie, akarudia. Wateja walipita wakimwamkia kwa mkono, naye akawaitikia kwa mkono, hakukata simu.

Mwisho wa mwaka Ziro hakurudi. Alitia sahihi mkataba mwingine, kwa sababu ada za Nyale zilikuwa zimepanda na ujenzi pwani ulikuwa bado umelala. Alimwambia Pola kabla ya kutia sahihi, wakakubaliana, ikiwa ni kukubaliana kule ambapo pande zote mbili hazina njia nyingine. Pasipoti yake iko kabatini kwa mwajiri. Pola anafungua duka kila asubuhi, anabonyeza nambari yake, na kioo kinamkaribisha kama mhudumu. Kukiwa na msiba Vitengeni huenda, Pamela akabaki. Mara nyingine akiwa huko, katikati ya wanawake wanaomenya vitunguu, mkono wake huingia mfukoni na kuitafuta simu ambayo haijalia.